Kilichomo ndani ya punje ya kakao, na kwa nini mnunuzi anakipima



Tangu bei ya kakao ilipopaa simu yangu haijapumzika. Machi 2024 bei ya soko la dunia ilivuka dola 10,000 kwa tani, Desemba mwaka huohuo ikapita 12,000, na kila mwenye ekari mbili za parachichi huku Arumeru akawa na swali moja: "Afisa, kakao inaota Usa River?" Mwaka 2025 bei ikaporomoka, hadi mwisho wa mwaka ilikuwa chini ya nusu ya pale kileleni, na simu zikapungua. Waliobaki wakiuliza mpaka leo ndio ninaowaandikia, maana hao naona wana nia ya kweli.

Jibu la Usa River ni fupi: haifai. Kakao inataka mvua ya milimita 1,500 hadi 2,000 kwa mwaka, tena iliyotawanyika vizuri, na haipendi usiku wa baridi. Arusha mjini tuko karibu mita 1,400 kutoka usawa wa bahari. Mnaijua Julai yetu, asubuhi unafungulia maji shambani umevaa koti. Halafu kuanzia Juni hadi Oktoba mvua ndiyo hiyo hakuna. Ukipanda kakao Tengeru utapata mti mzuri wa kupigia picha. Kakao ya Tanzania hasa iko Kyela, Rungwe na Busokelo mkoani Mbeya, na kule bonde la Kilombero mkoani Morogoro. Kyela iko kama mita 500 tu, joto lipo, na Ziwa Nyasa na milima ya Rungwe vinaipa mvua ya kutosha.

Kwa hiyo wenye akili wameshaanza kufikiria kwenda huko. Kuna kundi la vijana sita wa Kikatiti wamechanga hela za karoti na nyanya, wanataka kukodi au kununua ardhi Kilombero. Wamenijia mara tatu. Wameuliza miche inapatikana wapi, nafasi kati ya mti na mti, migomba ya kivuli, mti unaanza kuzaa mwaka wa ngapi, na bei, bei, bei. Maswali mazuri yote. Lakini hakuna aliyeuliza mnunuzi anapima nini maabara kabla hajalipa bei nzuri. Wakati mti wa kakao unakaa shambani miaka 25 na zaidi. Ukiupanda kwenye udongo usiofaa kwa hicho kinachopimwa, huwezi kung'oa msimu ujao ukapanda kitu kingine kama nyanya.

Tuanze na mazuri yaliyomo kwenye punje, kwa sababu yapo mengi.

Punje kavu ya kakao ina ganda jembamba la nje, ambalo ni kama asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake, na kiini ndani. Nusu ya kiini, au zaidi kidogo, ni mafuta. Hayo ndiyo siagi ya kakao, na ndiyo yanayofanya chokoleti iyeyuke mdomoni. Protini ni asilimia 10 hadi 15. Kuna theobromini, kama asilimia 1 hadi 2, ambayo ni ndugu wa kafeini ya kahawa yetu ila ni mpole zaidi kwa binadamu. Nasema kwa binadamu kwa sababu kwa mbwa, kuku, nguruwe na farasi theobromini ni sumu. Kwa hiyo yule aliyeniambia atalishia nguruwe mabaki ya kakao ili kupunguza gharama za chakula, asubiri kwanza tuongee.

Madini sasa. Ukikamua mafuta na kusaga kilichobaki unapata unga wa kakao, na huo unga umejaa. Kwenye gramu 100 kuna potasiamu miligramu 1,500 hivi, fosforasi zaidi ya 700, magnesiamu karibu 500, kalsiamu 128, madini ya chuma karibu 14, zinki karibu 7 na shaba karibu 4. Magnesiamu na shaba kwa kiwango hicho ni vyakula vichache vinaifikia kakao.

Lakini tusidanganyane, maana nimeona matangazo mitandaoni yanaiuza kakao kama dawa ya damu. Hakuna mtu anayekula gramu 100 za unga wa kakao. Kijiko kimoja kwenye kikombe ni kama gramu 5. Hapo umepata chuma miligramu 0.7, na mwanamke wa umri wa kuzaa anahitaji 18 kwa siku. Tena polifenoli zilizomo kwenye kakao zinauzuia mwili kukichukua hicho chuma vizuri, kama chai ya rangi inavyofanya ukiinywa pamoja na ugali na mchicha. Kakao ni kinywaji kizuri, ni zao zuri. Dawa ya damu siyo.

Hayo madini yote yamefikaje kwenye punje? Mizizi iliyafyonza kutoka kwenye udongo. Na mzizi hauna macho ya kuchagua kila kitu. Zinki ikiwepo kwenye maji ya udongo inachukuliwa, na kadimiamu ikiwepo nayo inapita karibu mlango uleule, kwa sababu zinafanana sana kitabia. Hapa ndipo hadithi inapogeuka.

Sisi watu wa Meru tunapaswa kuelewa jambo hili kuliko mtu mwingine yeyote Tanzania. Tumeishi na madini yasiyoonekana miaka yote. Maji ya Ngarenanyuki yanaonekana safi kabisa kwa macho, lakini angalia meno ya waliokulia pale, Maji ya Chai na Oldonyo Sambu. Kahawia. Wengine miguu imepinda tangu utotoni. Floraidi hiyo ilitoka kwenye miamba ya volkano ya mlima wenyewe, ikayeyuka kwenye maji polepole. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi 4, kwa kuwa maeneo kama yetu maji mengine hayakuwepo, kabla ya kukishusha kiwango. Hakuna aliyeyaonja yale maji akasema "haya yana floraidi". Ilibidi yapimwe.

Kadimiamu kwenye kakao ni hivyohivyo. Haina harufu, haina ladha, punje haibadiliki rangi. Kwenye karatasi ya maabara imeandikwa Cd. Mtu akiila inajikusanya kwenye figo na kukaa humo miaka 10 hadi 30. Udongo wa volkano changa na wa milima michanga huwa unaibeba zaidi. Ndiyo maana Ecuador, Peru na Colombia wanahangaika nayo sana kuliko Ghana na Côte d'Ivoire, ambako udongo ni mzee. Watafiti wa Italia walipopima punje kutoka pande zote za dunia na kuchapisha matokeo mwaka 2016, Amerika ya Kusini ndiyo ilikuwa juu, Afrika Magharibi chini kabisa, na Afrika Mashariki tumekaa katikati. Katikati maana yake nini? Maana yake shamba moja linaweza kuwa salama na la jirani lisiwe. Huwezi kujua kwa kuuliza wilaya, unajua kwa kupima shamba.

Umoja wa Ulaya ulianza kusimamia viwango vyake vya kadimiamu kwenye chokoleti tarehe 1 Januari 2019. Angalieni vizuri jinsi vilivyopangwa, kwa sababu hela yako imo humo. Chokoleti ya maziwa yenye kakao chini ya asilimia 30 isizidi miligramu 0.10 kwa kilo. Chokoleti nyeusi yenye kakao asilimia 50 na kuendelea isizidi 0.80. Unga wa kakao unaouzwa kwa mlaji usizidi 0.60. Punje ghafi haikuwekewa kiwango. Kijana mmoja aliposikia hivyo akafurahi, "basi mkulima hatuhusu". Inatuhusu, tena sana. Mtengeneza chokoleti anarudi nyuma kwa hesabu mpaka kwenye gunia.

Fanya naye hiyo hesabu, ya harakaharaka tu, tukichukulia kakao yote kwenye chokoleti imetoka kwenye punje zako. Punje zako zina kadimiamu 1.0 kwa kilo. Anayetengeneza chokoleti nyeusi ya asilimia 70 atapata 0.70, yuko chini ya 0.80, anapita. Anayetengeneza ya maziwa yenye kakao asilimia 25 atapata 0.25, wakati mwisho wake ni 0.10. Amefeli vibaya. Huyo wa maziwa anahitaji punje zisizozidi 0.40. Kwa hiyo gunia lilelile kwa mnunuzi mmoja ni mali na kwa mwingine ni tatizo, na mnunuzi mwenye wasiwasi atakachofanya ni kuchanganya kakao yako na ya Afrika Magharibi ili ishuke, na gharama ya kuchanganya ataikata kwenye bei yako. Kwenye soko la kakao maalumu, lile linalolipa zaidi kwa sababu ya ladha na asili ya shamba, hawataki kuchanganya. Huko punje zako zinapita zenyewe au hazipiti.

Metali ya pili ni risasi. Hii njia yake ni tofauti kabisa na ndiyo inayonipa matumaini. Watafiti waliopima kakao ya Nigeria, matokeo yakatoka mwaka 2005, waliikuta risasi kidogo mno ndani ya kiini, kati ya viwango vidogo kabisa kwenye vyakula vya asili. Lakini bidhaa zilizotengenezwa zilikuwa nayo mara nyingi zaidi. Yaani mti haukuileta. Iliingia baadaye, kwenye safari kutoka shambani mpaka kiwandani. Ganda la punje lina tabia ya kuinasa risasi. Sasa fikiria punje zilizotoka kuvundikwa, zimelowa, zinanata kama asali, umezianika pembeni ya lami ambapo malori yanapita siku nzima. Huku kwetu tunafanya hivyo na mahindi kwenye barabara ya Moshi, kila mtu anaona kawaida. Vumbi la barabarani lina mabaki ya breki, rangi za zamani, na risasi ya petroli ya miaka ile. Petroli yenye risasi nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana nayo mwanzoni mwa 2006, lakini udongo wa pembeni mwa barabara hausahau haraka hivyo.

Walaji wameshajua. Desemba 2022 jarida la Consumer Reports la Marekani lilipima chokoleti nyeusi 28. Zote zilikutwa na kadimiamu na risasi, na 23 kati yake ukila kipande cha gramu 28 kila siku unavuka kiwango walichokitumia kwa angalau metali moja. Baada ya hapo wanunuzi wakaanza kudai karatasi za maabara.

Sasa kazi. Wale mnaotafuta ardhi, kabla hujalipia kata sampuli za udongo. Kwenye kila eneo lenye udongo unaofanana, tembea kwa zigizaga, chukua sehemu 15 hadi 20, kina cha sentimita 0 hadi 20, kisha rudia kina cha 20 hadi 40 kwenye chombo kingine. Changanya, ondoa mawe na mizizi, bakiza nusu kilo. Na hapa nisikilizeni: tumia ndoo ya plastiki. Usitumie debe la bati wala ndoo ya mabati. Mabati yamepakwa zinki, na zinki ya kiwandani hutembea na kadimiamu kidogo. Utapeleka maabara sampuli ya ndoo yako badala ya shamba lako.

Maabara waambie unataka pH, mabaki-hai, zinki na kadimiamu. Ukisema tu "nipimie udongo" watakupa nitrojeni, fosforasi na potasiamu, na kadimiamu hutaiona. Wa huku kwetu anzeni kuuliza TARI Selian au Taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru. Mkiwa tayari mmefika Morogoro, SUA wako jirani yenu. Ulizeni kwanza kama kipimo hicho kinafanyika wakati huo, maana mashine za metali ni ghali na wakati mwingine sampuli hupelekwa kwingine.

pH ndiyo ya kuangalia kwa jicho kali. Ikiwa chini ya 5.5 kadimiamu inayeyuka kirahisi na mti unaikunywa. Ukiipandisha kwa chokaa ya kilimo hadi kati ya 5.5 na 6.5, kisha ukaongeza mboji ya kutosha, inashikwa na udongo na inayofika kwenye punje inapungua. Usizidishe chokaa lakini. Ukivuka hapo mti utakosa zinki na chuma, majani yatakuwa ya njano, na mti ukikosa zinki unaweza kuivuta kadimiamu zaidi. Na chokaa inashuka chini polepole sana, kwa hiyo weka kabla ya kupanda, wakati bado unaweza kuichanganya na udongo. Miti ikishakua mizizi yake myembamba iko juujuu na huwezi kulima.

Mbolea nayo. Kadimiamu nyingine inaletwa na sisi wenyewe ndani ya mifuko. Mbolea zote za fosfeti zinatokana na mwamba, na miamba haifanani. Ile ya mashapo ya zamani ya baharini mara nyingi ina kadimiamu nyingi kuliko ya volkano. Ulaya tangu Julai 2022 wameweka ukomo wa miligramu 60 kwa kila kilo ya fosfeti kwenye mbolea hizo. Wewe unaponunua, DAP au TSP au yoyote, muulize muuzaji cheti cha metali nzito. Wengi watakushangaa. Endelea kuuliza. Minjingu yetu ya pale Manyara, ambayo ilitokana na mbolea ya ndege na mabaki ya samaki wa ziwa la kale, inafanya kazi vizuri kwenye udongo wenye tindikali na siwakatazi kuitumia, lakini nayo iulizieni karatasi yake kama nyingine yoyote. Mboji iliyotokana na taka za mjini msiipeleke kwenye kakao hata mkipewa bure. Ndani ya zile taka kuna betri.

Dawa za kopa nazo nizitaje kidogo. Huku Meru mashamba ya kahawa yamepuliziwa mrututu na jamii zake miaka mingi dhidi ya kutu ya majani na chulebuni, na shaba hiyo haiozi, imejikusanya juu ya udongo. Kwenye kakao dawa hizohizo hutumika kwa ugonjwa wa matunda kuwa meusi. Shaba ni lishe, mmeiona hapo juu, lakini kupuliza kila wiki kwa mazoea ni kuipeleka kwenye kundi la metali nzito. Pogoa, ingiza hewa na mwanga, chuma matunda yenye ugonjwa uyatoe mapema. Dawa ije baada ya hayo.

Kuna jambo moja ambalo wakulima wengi wa kakao wanalipoteza bila kujua, nalo ni maganda ya tunda. Tani moja ya kakao kavu inaondoka na nitrojeni kama kilo 20, fosforasi kilo 4 na potasiamu kilo 10 kutoka shambani kwako. Hiyo ni punje peke yake. Ukiondoa na maganda ya tunda, potasiamu inayotoka inakuwa karibu mara tano. Ni sawa na wale wanaouza migomba iliyokatwa kama chakula cha ng'ombe wa mjini, halafu baada ya miaka mitano wanaliuliza shamba limekuwaje. Pasulia matunda palepale shambani, oza maganda kwenye lundo la mboji kwanza ili uue vimelea vya ugonjwa, kisha yarudishe chini ya miti. Kila kilo ya potasiamu uliyoirudisha ni mbolea ambayo hujanunua, na kila mbolea ambayo hujanunua haijakuletea kadimiamu.

Baada ya kuvuna vundika siku tano hadi saba, ukigeuza. Anika kwenye vichanja vilivyoinuka, vyenye mkeka au wavu safi, mbali na barabara, mbali na gereji, mbali na mtu anayechomelea vyuma, na mbali na moshi wa jenereta. Usianike juu ya mabati yaliyopakwa rangi ya zamani. Kausha hadi unyevu uwe asilimia 7 hivi, ndipo ufunge. Kama unaona kazi ya kuvundika ni kubwa, kuna wanaonunua kakao mbichi na kuvundika wenyewe, kama Kokoa Kamili pale Mbingu, Kilombero. Hapo hatari ya risasi inakuwa mikononi mwa mwenye vichanja, lakini kadimiamu bado ni ya udongo wako.

Kyela mambo ni tofauti kidogo. Kakao inaenda kwenye ghala la AMCOS kwa stakabadhi ghalani na inauzwa kwa mnada. Mimi nauunga mkono mfumo ule, umewaondoa walanguzi waliokuwa wananunua kakao ikiwa bado maua. Ila ghalani kakao yako inachanganywa na ya wenzako mia mbili, na usafi wako unapotelea humo. Kwa hiyo kule mtu mmoja kupima punje zake peke yake hakumlipi. Inalipa chama kikipima kwa kijiji au kwa bonde, kikajua eneo lipi liko chini na kutenga ghala la mzigo huo ili ukiuzwa mnadani uwe na karatasi yake. Vijana wenye diploma na digrii mliojiunga na AMCOS, hiyo ni hoja ya kupeleka kwenye mkutano mkuu, msiishie kulalamikia makato.

Kabla sijamaliza, kuna mama mmoja wa Sakina ameniuliza kama aache kuwapa watoto kakao asubuhi. Asiache. Hesabu iko hivi. Wataalamu wa chakula wa Umoja wa Mataifa wanasema kadimiamu isizidi maikrogramu 25 kwa kila kilo ya mwili kwa mwezi. Mtoto wa kilo 15 ni kama maikrogramu 12 kwa siku kutoka vyakula vyote. Kijiko cha gramu 5 cha unga ulio kwenye ukomo kabisa wa Ulaya, 0.60, kina maikrogramu 3. Kwa hiyo kikombe kimoja kina nafasi yake, vikombe vitatu kila siku havina, kwa sababu wali, mboga za majani na figo navyo vina kadimiamu yake. Ila maji anayochemshia hiyo kakao ayaulizie floraidi kwanza, kama ni ya kisima.

Sampuli za udongo ni vizuri zichukuliwe Septemba na Oktoba, udongo ukiwa mkavu na kabla hujaweka mbolea yoyote. Andika kwa penseli siyo kalamu, wino unafutika ukilowa: jina la shamba, kina, tarehe, na zao lililokuwepo mwisho. Wale wa Kikatiti, ndoo mbili za plastiki na koleo la chuma kisicho na kutu viko ofisini, njooni mvichukue Jumatatu kabla hamjapanda basi la Morogoro.